Mama Kadi na Daftari la Wasomaji Wake

Ndugu waombolezaji, wazee wangu, majirani, wafanyakazi wa maktaba na wasomaji wote mliofika, usiku wa kuamkia leo, saa nane kasoro, nilisikia vidole vikigonga kioo cha dirisha la chumba ninamolala na mwanangu, mara tatu, taratibu, na sauti ikasema kwa chini, binti, lile daftari usilisome, ukilisoma hutalala tena, halafu viatu vikaenda zake juu ya kokoto, na mimi nikabaki kitandani nimemkumbatia mtoto, sikupiga kelele, sikumwamsha baba, maana baba alikuwa amepata usingizi kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Nayasema haya mwanzoni ili mjue kwa nini nina karatasi nne badala ya ile moja niliyopewa na kikao cha familia. Nitasoma kama inavyopasa kusomwa, kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, watoto, ugonjwa na kifo, ila sitaruka pale nilipoambiwa niruke, na nikienda mbio mnivumilie, ndivyo ninavyosema nikiogopa.

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kadi mpaka mkasahau jina la kwenye kitambulisho, alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tano mwaka 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha kusukuma maji, mtoto wa kwanza wa msoma mita za maji na mshona mashuka ya hospitali, na mdogo wake wa pekee, mjomba wangu aliyeketi hapa mbele, alifuata baada ya miaka minne. Babu alikuwa akiingia kila ua wa mji huu na kijitabu chake na tochi, anainama, anafuta vumbi kwenye kioo cha mita, anaandika, anaaga, mbwa wote walimjua, na siku za likizo alimchukua mama amsomee namba, akikosea anamwambia, umewapa watu hawa maji ya wiki nzima bure, wataoga mpaka wachubuke.

Tarehe 3 mwezi wa nane mwaka 1971, mwaka wa mapigano, ambao wazee mnaujua na sisi tuliozaliwa baadaye tunausikia ukikatizwa katikati ya sentensi kila tunapoingia sebuleni, watu wenye silaha walikuja wakamchukua babu, nao walikuja moja kwa moja, hawakubisha nyumba ya jirani wala hawakuuliza njia, kwa hiyo kulikuwa na mtu aliyewaonyesha, na mtu anayeingia kila ua na kuandika namba ilikuwa rahisi kumwita mpelelezi. Babu hakurudi, na hakuna aliyeambiwa amelazwa wapi. Mama alikuwa na miaka tisa, mjomba mitano, na mjomba amesema maisha yake yote kwamba anachokumbuka cha baba yake ni mgongo, basi, mgongo ukipita mlangoni.

Mama alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1976, ukitoa mwaka mmoja ambao shule zilifungwa, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1977, akamaliza kidato cha nne mwaka 1980, kisha akasomea ukutubi kwa mwaka mmoja na nusu, akatunukiwa cheti mwezi wa sita mwaka 1982. Tarehe 1 mwezi wa tatu mwaka 1983 aliajiriwa katika maktaba yetu ya mji, ile yenye meza saba na feni ya mabawa matatu ambayo moja limepinda, akawekwa chumba cha magazeti kushona magazeti ya mwezi kwa sindano ya magunia, na mwaka 1986 akakabidhiwa rafu za riwaya. Hapo ndipo alipoitenga rafu ya nne, ya karibu na dirisha, akaihamishia riwaya za kihistoria zote, za wafalme na vita, za walioijenga reli, kile cha mjane wa fundi saa katika mji uliozingirwa, kile cha mpishi aliyetembea na jeshi lisilo lake, na sisi watoto tulikuwa hatuvijui kwa majina ya jaladani, tulivijua hivi tu, cha mpishi, cha mjane, cha reli.

Wasomaji mnajua kazi yake ilivyokuwa, lakini niwaeleze wajukuu. Ndani ya jalada la nyuma la kila riwaya ya rafu ya nne alibandika kadi aliyoiandika kwa mkono, mistari mitatu tu, kitabu hiki kinamfaa nani, hakimfai nani, na mahali pa kujihadhari, na mojawapo ilisema, kinamfaa aliyefiwa zamani, hakimfai aliyefiwa mwaka huu, ukifika sura ya tisa usisome ukiwa peke yako, na nyingine ilisema, mwenye hadithi ni mpumbavu kwa kurasa mia mbili, mvumilie, anapata akili mke wake akiondoka. Kila tarehe mosi alibandika ubaoni orodha ya riwaya sita za zamani anazozipendekeza mwezi huo, na hakupata kuweka kitabu katika orodha ile bila kukisoma mpaka neno la mwisho, isipokuwa mara moja, nami nitaifikia. Dereva wa gari la taka, ambaye alizisoma zote kwa foleni akaanza upya, alikuwa akisema kwamba Mama Kadi anampa mtu kitabu kama daktari mzuri wa meno, anakuambia kabla wapi kitauma.

Na kabla hajakugongea muhuri wa tarehe alikuuliza swali moja, unamtafuta nani humo, kwa sababu aliamini mtu hasomi habari za miaka ile hivihivi, kuna mtu wake ameachwa kule, na watu walikuwa wanacheka, wanasema, mimi naua muda tu mama, halafu wiki ya pili au ya tatu wanarudi, wanaegemea kaunta, wanasema. Alisikia mengi kwenye kaunta ile. Ndipo mwaka 1988 alipoanza daftari, daftari la kawaida la mistari lenye jalada gumu la kijani, si kwa ajili ya kumshika mtu, naomba mnielewe hapo, bali asije akamsahau mtu akampa kitabu kitakachomuumiza, na humo ameandika vitu kama, huyu asipewe chenye moto, huyu asipewe chenye mtoto kufa, huyu apewe vya watu kurudi nyumbani, hata kama si vizuri sana.

Mwaka 1989, mwezi wa pili, fundi rangi alipewa kazi ya kupaka kuta za maktaba, kazi ya siku nne, akaifanya kwa wiki tatu, na mkuu wa maktaba alipouliza kulikoni, fundi akajibu kwamba ukuta wa rafu ya nne unanyonya rangi kuliko kuta zingine, na huyo fundi ndiye baba yetu. Walifunga ndoa tarehe 16 mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo, wakapanga chumba na sebule juu ya duka la vioo, baadaye wakajenga pale mnapopajua, na Mungu akawajalia watoto watatu, kaka mwaka 1991, dada mwaka 1995, na mimi, kitinda mimba, tarehe 27 mwezi wa kwanza mwaka 2001. Baba hakuwa msomaji, mama alimsomea yeye kwa sauti akiwa anakwangua rangi kwenye kucha, na baba alilala kila mara kabla vita havijaanza, mama akamwambia, wewe mume wangu umeishi karne ya amani peke yako.

Sasa nimefika pale nilipoambiwa niruke.

Mwezi wa tisa mwaka 2005 niliugua surua, nikiwa na miaka minne, mama akakesha nami siku kumi, na orodha ya mwezi ule ilikuwa haina kitabu cha sita, basi akaweka riwaya mpya iliyokuwa imefika, ya karani mmoja wa zamani, akiwa ameisoma nusu, na nusu ile ilikuwa ya upole, ya ofisi na wino na mapenzi ya karani na binti wa mpiga picha, akaandika kadi kwamba kinamfaa mtu yeyote. Hakujua kwamba katika nusu ya pili karani anapewa orodha ya majina, anaambiwa aonyeshe nyumba. Akakitoa kwa msomaji mmoja ambaye alikuwa anakuja kila wiki. Kilikaa siku kumi na moja, na siku kiliporudi msomaji yule alikaa meza ya mwisho mpaka feni ikazimwa, kisha akaja kaunta akamwambia mama kwamba ni yeye aliyeonyesha nyumba ya msoma mita.

Naona shingo zinageuka. Tafadhali msigeuze shingo. Wala msitazame wanaume peke yao, sijasema ni mwanamume, sijasema ni mzee wa sasa au ni mtu aliyekwisha kufa, sitasema umri aliokuwa nao wala kilichomlazimisha, ila kilikuwepo cha kumlazimisha.

Mama hakumwambia mtu, si baba, si mjomba, si mimi, na nimejua kwa sababu ya haya yaliyotokea wiki hii. Mwezi wa kwanza mwaka huu mama alianza kulalamika maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, akasema ni kuinua maboksi ya vitabu, maana hata baada ya kustaafu mwezi wa tano mwaka 2022 aliendelea kwenda kila Jumatatu na Alhamisi kuandika kadi za vitabu vipya, na mwezi wa tatu vipimo vikaonyesha saratani ya ini, ikiwa imekwisha kwenda mbali. Alilazwa mara tatu. Mwezi wa sita nilijifungua, nikamletea mtoto wodini, akampima kwa macho akasema, huyu hakimfai chochote kwa sasa, arudishwe mwakani, na wagonjwa wa vitanda vya pembeni wakacheka mpaka muuguzi akaja kututuliza. Wiki ya mwisho nilikuwa namsomea mimi, tulikuwa kwenye kile cha mjane wa fundi saa, na alifariki siku ya Jumanne, tarehe 8 mwezi huu wa kumi, mwaka 2024, saa kumi na moja alfajiri, tukiwa tumebakiza kurasa thelathini ambazo yeye alikuwa anazijua na mimi sizijui.

Aliniachia maagizo mawili, daftari liwekwe chini ya mikono yake ndani ya jeneza, na azikwe si kando ya bibi, bali katika makaburi ya zamani, kona ya ukuta wa kiwanda cha mbao, na kuhusu daftari alisema, usilisome, na ukilisoma ujue umelibeba. Siku ya Jumatano dada, kwa uchungu tu, hakuwa na nia mbaya, alilitaja daftari jikoni mbele ya wageni wakiosha vyombo, na kufika jioni mji ulikuwa unajua. Akaja mtu na mfuko wa sukari, akauliza kama vitu vya ofisi vya marehemu vimekusanywa, akaja mwingine akasema kuna karatasi yake ya hospitali ilisahaulika humo, akaja wa tatu, akakaa tu uwani kwa saa nne akiangalia mlango wa chumba cha mama, na nilipompelekea chai aliniambia, mama yako alinijua vizuri mno, na hakunywa. Jana jioni kikaoni mjomba akasimama, akasema, humo ndani kuna jina la aliyewaonyesha baba yangu, najua limo, dada yangu alibadilika mwaka 2005 na mimi si kipofu, na daftari hilo haliingii ardhini mpaka nilisome. Kaka akasema apewe, dada akalia, baba akaangalia mikono yake. Mwisho wakasema tuzike kwanza, daftari nibaki nalo mimi mpaka baada ya mazishi, na katika historia hii nisitaje chochote.

Nilikuwa sijalisoma. Aliyekuja kugonga kioo ndiye aliyenifanya nilisome, maana nilimlaza mtoto mapajani nikawaza, kama watu wanafika mpaka dirishani kwangu kwa kitu nisichokijua, si afadhali nikijue, na mwenzangu yuko kazini mbali, sina wa kumuuliza, nikawasha taa ndogo nikasoma kurasa zote, mia moja na themanini na mbili, mtoto akinyonya na kulala na kunyonya tena, na nikaikuta siku ile ya 2005. Baada ya kuandika aliyoambiwa, mama ameandika mistari miwili, nimeishika kichwani, asipewe tena chenye orodha ya majina, apewe cha wajenzi wa daraja. Na akampa. Chini yake kuna tarehe nyingine, na kitabu kingine, na kingine, miaka na miaka ya vitabu kwa mtu yuleyule, na mahali pamoja ameandika, leo sikuweza kumtazama, nimemgongea muhuri nikiangalia meza. Sijui kama mama alifanya vema. Kwa kweli sijui. Kuna kurasa nilizozisoma nikamkasirikia, nikasema, mama, aliyechukuliwa ni baba yako, unampangia mtu huyu hadithi nzuri nzuri za nini, halafu nikasoma kwamba tarehe 3 mwezi wa nane mwaka 2006 hakumuuliza swali lake, msomaji mwenyewe ndiye aliyesema, namtafuta baba yako, na akamwonyesha mama mahali.

Mjomba, samahani nasema nawe mbele ya watu, peke yetu nisingeweza. Umelalamika tangu juzi kwamba dada yako ameikataa familia yake, ameomba kona ya ukuta kama mtu asiye na kwao. Babu amelala kona ile. Chini ya lile jiwe la bapa lisilo na maandishi, ambalo jana wachimbaji walikuuliza walihamishe na ukasema lihamisheni, wakaliacha kwa sababu mama alikuwa amemlipa mlinzi wa makaburi, akapewa ahadi ya mdomo kwamba halitaguswa. Mama alikwenda kule kila tarehe 3 mwezi wa nane, akituaga kwamba anapeleka vitabu kushonwa. Hakukwambia kwa sababu swali lako la kwanza lingekuwa, nani amekuonyesha, naye alikujua, alijua usingeishia kwenye kuuliza, na alikuwa na ndugu mmoja tu, hakutaka kumpelekea chakula gerezani. Mchana huu utasimama karibu na baba yako, na safari hii si kwa mgongo.

Daftari halipo tena nyumbani, wala chini ya mto wangu, wala kwenye begi la mtoto, aliyetaka kuja kutafuta asijisumbue. Saa kumi na mbili asubuhi nililiweka chini ya mikono ya mama, mhudumu wa maktaba aliyefanya naye kazi miaka ishirini akakaza skrubu nikiwa nimesimama hapo, na kaka, kama unanikasirikia nikasirikie kesho, leo tushike jeneza pamoja.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, hasa yule muuguzi wa zamu ya alfajiri aliyefungua dirisha mama alipoomba hewa na hakutuharakisha kuondoka yote yalipokwisha, nawashukuru majirani mliotupikia na kulala kwenye mikeka sebuleni, nawashukuru wafanyakazi wa maktaba mliofunga milango leo na kuuacha ubao wa mapendekezo bila orodha, na wasomaji wake, nyote, naona wengine mmekuja na vitabu mikononi mkidhani vinatakiwa leo, bakini navyo mpaka tarehe yake. Mjomba, utaniuliza nani, utaniuliza leo na mwaka kesho, na utakuwa na haki ya kuuliza. Wewe uliyeniambia sitalala, ulisema kweli, sikulala. Nina miaka ishirini na tatu na mtoto wa miezi minne, naogopa giza na ninawaogopa baadhi yenu, lakini niliyoyasoma sikuyaandika popote. Mama, pumzika, kaunta imefungwa, nimekusomea mpaka hapa, na yaliyobaki, ya huyu na ya wengine wote waliokuegemea, sitamwambia mtu mwingine.